Ndago za Mama Yako

Bariadi, Alhamisi alasiri

Minza, ng'wana wane, mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako na utarudi jua likiwa limeshuka, kwa hiyo nina saa chache za kuandika bila kuulizwa ninaandika nini. Kuhusu safari sina la kuongeza. Basi la Mwanza unalijua, treni ya Morogoro umeelezwa na watu watatu, na chakula cha njiani mama yako ameshakifunga. Barua hii ina jambo jingine. Usiisome kwenye basi. Isome ukiwa umekaa peke yako.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinishika mkono ukasema, "Baba, shangazi amenieleza yote. Kumbe una moyo mkubwa hivyo." Nikakuuliza amekueleza nini, na huku najua. Ukasema, "Kwamba ulimsamehe mama."

Nikanyamaza, nawe ukadhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba nimesifiwa hivyo kwa miaka kumi na miwili na nimezoea. Lakini sifa ile ilikuwa haijawahi kutoka kinywani mwako. 

Mama yako hakunikosea kitu. Nilimsamehe kosa nililolitunga mwenyewe. Sasa nikueleze.

Wewe hukuniona nikiwa bwana shamba. Nilikuwa na baiskeli ya serikali, viatu vya mpira na kofia ya kaki, na kutoka hapa mpaka mpaka wa Meatu hakukuwa na mkulima asiyenijua. Nikipita barabarani watu waliacha majembe. "Bwana shamba, njoo uone pamba yangu." Nilikuwa nikivua kiatu, nikakanyaga, nikasema hii ni luseni, mchanga mtupu, usipande mpunga, hii ni mbuga, udongo mweusi, subiri mvua ya pili. Watu walinisikiliza. Kitu nilichokifundisha kuliko vyote kilikuwa kung'oa ndago. Unalijua lile jani lenye pembe tatu kwenye shina, na vile vitunguu vyeusi chini. Ukikata jani, kitunguu kinabaki, na wiki ijayo yameota majani matatu. Miaka kumi na minane nilizunguka nikiwaambia watu, chimbeni, msiache hata kimoja.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza watumishi. Majina yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya, nami nilisoma langu nimesimama nyuma ya mhudumu wa ofisi, ambaye la kwake halikuwemo. Chama cha ushirika kilikuwa kinakufa, wanunuzi wa pamba walikuja na malori yao kutoka kila upande, na kila kitu kilikuwa ruksa. Hata dhahabu. Watu walichimba na kuuza bila kujificha. Nami nikaingiza kiinua mgongo changu kwenye shimo moja na wenzangu wawili.

Mchanga wa dhahabu unahitaji maji ya kuusafishia. Maji ya karibu yalikuwa kwenye majaruba ya mpunga ya mama yako, yale manne yaliyo chini ya nyumba. Alikuwa ameyainulia kingo kwa mikono yake kabla hujazaliwa. Tuliosha pale, tukachanganya mchanga na zebaki kwenye makarai, na yale maji tukayamwaga hapo hapo. Siku ya kwanza alikuja akasimama kwenye ukingo.

"Baba Minza, hiyo dawa haitaharibu udongo?"

"Nani hapa ni bwana shamba?" nikamjibu.

Akarudi juu. Tuliosha misimu miwili. Zebaki ikishashika dhahabu nilikuwa naichoma kwenye jiko, nimeinama juu ya ule moshi. Hii mikono inayotetemeka, ambayo wewe unasema ni uzee, ilianzia pale. Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Shimo halikutupa kitu cha maana, tukaliacha. Mpunga uliofuata ulitoka na mabaka, na ndama mmoja aliyezoea kunywa pale akaanza kuyumba miguu, tukamchinja tukamzika. Ndipo akaja kijana mmoja mtafiti, Bwana Anselmi. Alikuwa anazunguka sehemu zilizooshewa dhahabu akichukua udongo kwenye vifuko. Aliuliza kama kuna mtaalamu wa eneo hili, wakamleta kwangu.

Minza, nilipiga pasi shati. Nilitafuta ile kofia ya kaki. Tulikaa upenuni nikamweleza habari za udongo wa wilaya nzima, naye aliandika kwa heshima. Mama yako akaleta chai. Alipokuwa anaweka vikombe akasema, kama mtu anayesema habari za kuku:

"Pale zebaki ilipomwagika sana hakioti kitu isipokuwa ndago. Na ndago za pale zina afya kuliko za shambani."

Anselmi akaacha kuandika. "Mama, unaweza kunionyesha?"

Wakashuka majarubani. Mimi nilibaki upenuni na vikombe viwili vya chai vinavyopoa. Nataka ujue kwamba ilianza hapo. Hakuna kilichotokea baadaye ambacho hakikuwa tayari ndani yangu nikiwa nimekaa pale.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi kadhaa. Ndago za mama yako zilikuwa zimevuta sumu kutoka kwenye udongo na kuiweka mizizini na kwenye vile vitunguu. Na kwenye udongo ulioshika mizizi walikuta vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyozoea zebaki, vinaishi palipo na sumu na kuibadilisha taratibu. Anselmi alitueleza kwamba mmea na vijidudu vinasaidiana: mizizi inavilisha, navyo vinaulainishia udongo. Ukitaka kusafisha shamba, alisema, pandeni ndago kwa wingi, vilisheni vijidudu kwa samadi iliyooza, kisha ng'oeni kila kitu na kukizika kwenye shimo lililotandikwa plastiki, mbali na mifugo. Zisichomwe, maana sumu itapanda na moshi. Na mrudie mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo mke wangu alipanda ndago. Alizipanda kwa mistari, mbele ya macho ya watu niliowafundisha kuzing'oa. Walipita wakicheka, kisha wakaanza kusimama na kuuliza. Alinunua daftari, na kwa ule mwandiko wake wa darasa la saba akaandika kila jaruba limefanya nini. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maji yakituama kazi inalala, akafungua kingo. Anselmi hakuwa amemwambia. Aliposoma lile daftari alirudia ukurasa mmoja mara mbili, kisha akaniangalia mimi na kusema, "Una bahati, mzee." Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilijua vizuri anazungumzia bahati gani.

Siku moja akaja mtu na baiskeli kutoka Bukundi, mbali kote huko, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanikuta mlangoni, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Namtafuta mtaalamu wa udongo."

"Ndiye mimi. Karibu."

Akaangalia chini, akakuna shingo. "Nimeelekezwa kwamba ni mama."

Nikamwita. Wakakaa upenuni pale pale nilipokaa na Anselmi, nami nikaenda kuwatazama ng'ombe ambao walikuwa hawana tatizo lolote.

Wiki hiyo hiyo ilifika barua kutoka ofisini kwa Anselmi. Juu ya bahasha iliandikwa jina lake, na chini yake, "Mtaalamu wetu, Bariadi." Ilimwalika Mwanza akaeleze kazi yake mbele ya watu. Neno mtaalamu ndilo waliloninyang'anya kwenye ule ukuta wa ofisi. Niliificha barua ndani ya debe la mbegu. Siku ya tatu nikaenda kwa shangazi yako Nyanzobe, nikamuuliza swali moja tu.

"Dada, hivi yule kijana wa utafiti anakuja kwa ajili ya udongo kweli?"

Sikusema zaidi. Dada yangu ananipenda, alinilea mama yetu alipofariki. Hayo mengine aliyafanya yeye kwa nia ya kunilinda.

Nimewaza sana kwa nini nilichagua njia ile. Mwanaume akimwonea wivu mwanaume mwenzake juu ya mkewe, watu wanamwelewa, wanamletea kiti, wanamwambia pole. Lakini ningesema namwonea wivu mke wangu kwa sababu anajua kuliko mimi, nani angeniletea kiti? Kwa hiyo nilichukua wivu wangu wa aibu nikauvalisha nguo za wivu unaokubalika. Na baada ya muda, nikiri na hili, nilianza kuuamini. Nilikuwa nawatazama wameinama kwenye jaruba, vichwa vinakaribiana juu ya mzizi, na kifua kilikuwa kinaniuma kama mtu aliyeibiwa kweli.

Ukoo ulikaa uani kwetu. Mama yako aliulizwa ana nini na yule kijana. Akasema, "Mnataka niseme nini? Tulikuwa tunachimba ndago." Watu wakacheka. Minza, mimi pia nilicheka.

Mwenyekiti wa kijiji alimwambia Anselmi asije tena. Alipita kuaga na sikumfungulia mlango. Wazee wa kanisa wakamtoa mama yako kwenye kwaya. Unajua anavyoimba akiwa peke yake shambani. Uliwahi kuniuliza kwa nini haimbi kanisani nikasema hapendi. Baada ya wiki mbili alikuchukua akaenda kwao Shishiyu. Ulikuwa na miaka sita, ulidhani mnakwenda kusalimia.

Nilipobaki peke yangu nilishuka majarubani na jembe. Nilichimba zile ndago zote, mstari kwa mstari, kwa bidii ambayo sikuwa nayo tangu siku za kazi. Nilizirundika na kuzichoma. Alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja zisichomwe. Upepo ulipeleka moshi kwa jirani, kwenye uwanja wanapocheza watoto, nami nilisimama nikautazama unakwenda. Kisha nikapanda mpunga, ili watu waone kwamba udongo hauna shida, kwamba yote yale yalikuwa maneno ya mtu mwenye lake. Ukatoka mpunga mzuri, wa kijani, wenye kupendeza. Nikavuna. Usiku ule nilijipikia sahani moja na nikashindwa kuupeleka mkono mdomoni. Magunia yalikaa ndani wiki nzima. Likapita lori la mnunuzi, ambaye hakuuliza mpunga umetoka jaruba gani, siku zile hakuna aliyeuliza, nami nikauza. Sijui ulikwenda mji gani. Sijui nani aliula, na kama walikuwa na watoto. Hili hata mama yako sikuwahi kumwambia.

Baada ya mwaka na nusu nilikwenda Shishiyu. Babu yako aliniketisha, akanipa maji, akauliza, "Umekuja na neno gani?"

Njia nzima nilikuwa na neno la kweli. Nilikuwa nalirudia kwenye baiskeli. Lakini uani palikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wakinitazama kwa huruma, mimi niliyetendwa. Nikasema, "Nimemsamehe."

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Mama mmoja akafuta machozi. Mama yako alikuwa anapepeta mahindi. Alisimamisha ungo, akanitazama, kisha akaendelea kupepeta. Kesho yake tukaondoka, wewe umekaa kwenye baiskeli. Tulipovuka korongo akasema bila kugeuka, "Siku moja utaniambia ulinisamehe nini." Hakurudia tena mpaka leo.

Aliporudi alikwenda kuangalia majaruba kabla hajaingia ndani.  Msimu uliofuata alipanda ndago upya, kwa siri kama mtu anayepanda bangi, bila mtafiti, bila wageni, bila daftari maana nililichoma pamoja na ndago. Alikuwa akituma udongo upimwe kila alipopata mtu wa kumpa kifuko. Unajua matokeo kuliko mimi: majaruba mawili ya juu yalikuja kuonekana salama na sasa tunakula mpunga wake, la tatu linapona polepole, la nne bado ni la ndago na nadhani litakuwa la ndago mpaka nife.

Wewe ulikulia kwenye ile kazi. Mlikuwa mnakaa wawili mnachambua vitunguu vya ndago, unamuuliza hiki na kile, na nikipita mnaendelea kuongea, hamkunificha kitu, lakini hamkunihitaji pia. Ulikuwa ukiniuliza mimi swali la udongo kwa adabu, halafu baada ya muda nakusikia jikoni ukimuuliza yeye swali lile lile. Majibu ya chuo yalipokuja, kwamba unakwenda kusoma udongo, ulikimbia na karatasi ukanipita mlangoni ukashuka majarubani. Nilisikia mnavyocheka. Nilikuwa na furaha, usifikiri sikuwa nayo. Na yule mdudu wa zamani, wivu wangu, alikuwepo, amekaa pale pale tangu ukiwa mdogo. Natamani ningekuambia alikufa.

Huko uendako utakuwa hodari, nami sina shaka. Na siku moja atatokea mtu, pengine mama mwenye kikombe cha chai mkononi, atakayeona kwa jicho lake kitu ulichokipita miaka yote. Utasikia joto linapanda hapa kifuani. Usilipe jina jingine. Mwambie, nionyeshe. Mimi nilikuwa na nafasi ya kushuka nao siku ile, njia ilikuwa wazi na hakuna aliyeniambia nibaki. Ningekuwa mtu wa tatu kwenye jaruba. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, na unaona hata majuto yangu ni ya wivu: ninawaonea wivu wale wawili kwa ule mchana.

Nilikuwa nimefika hapa na kutaka kutia sahihi, mama yako akaingia kuchukua beseni. Akauliza naandika nini. Nikampa karatasi zote, pamoja na ile habari ya mpunga. Alisoma akiwa amesimama, polepole. Kwenye mpunga alisimama akarudi nyuma akasoma tena. Alipomaliza akazikunja vizuri, akanirudishia.

"Minza anaondoka nayo kesho," akasema.

"Ndiyo."

"Yeye anaondoka na ukweli. Mimi nabaki hapa na watu wale wale."

Akachukua beseni akatoka.  Kisha nikavaa viatu nikavuka barabara kwenda kwa dada.

Shangazi yako alikuwa anaanika michembe ya viazi juu ya jiwe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningetafuta maneno mazuri. Nilimwambia kwamba hakukuwa na kitu, kwamba nilijua hakuna kitu, kwamba nilimtumia yeye. Alisikiliza mikono yake ikiwa kwenye viazi.

"Masunga," akasema, "miaka yote hii simwamkii vizuri mkeo Holo. Minza alipopata surua nilipita mlangoni sikuingia. Ulikuwa unaniangalia tu?"

"Nilikuwa nakuangalia."

"Na wazee wa kanisa?"

"Jumapili."

"Sikukuuliza lini. Nauliza nani atawaambia."

"Nitasimama mwenyewe."

Hakuniaga. Alijifunga khanga nyingine juu ya ile aliyovaa, kama anavyofanya akienda msibani, akatangulia mbele yangu kuvuka barabara. Sikuthubutu kutembea sambamba naye.

Sasa wako uani, nawaona kupitia dirishani. Dada amekaa chini, mama yako kwenye kigoda, na beseni liko katikati yao. Hawalii, hawagombani. Sauti zao hazinifikii. Dada anaongea sana, na sasa hivi mama yako amesema kitu kifupi, shangazi yako akainamisha kichwa mpaka magotini.

Ninatamani sana kujua amesema nini. Ningeweza kutoka, nijifanye nafuata maji. Nimeshanyanyuka mara mbili. Nimekaa tena, namalizia kuandika jina langu, na barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya daftari zako ukirudi.

Baba yako,
Masunga